Kigelegele Nyuma ya Lori la Mahindi

Tunduma,
28 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwagona huko Iyula? Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kidogo kwa zile kampeni. Natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima, goti limetulia, na mvua haijalaza mahindi yote. Nasikia maharage ya mwaka huu yamekubali. Nisalimie na yule ng'ombe mkorofi aliyempiga teke kaka Zebedayo, umwambie bado namuunga mkono.

Utashangaa mtu wa siku hizi za simu anakuandikia barua. Sababu unaijua. Kila nikikupigia tunaongea vizuri habari za mibuni na za kwaya, lakini nikigusa tu neno uchaguzi unasema mtandao unakatakata, halafu simu inazimika. Mtandao wa huko kwetu una akili sana, mama. Karatasi haikatiki. Bahasha nimempa kaka Zebedayo nikiwa nimeigundisha vizuri, maana yaliyomo humu hata yeye hayajui.

Ndiye pia aliyeniletea jibu lako la awali. Alikueleza kwamba mwezi ujao naapishwa bungeni Dodoma na kwamba nakuomba uje. Ukamwambia unanipongeza, utaniombea, ila huendi, kwa sababu ulishasema. Mama, nitaapa hata usipokuja, sheria ndivyo inavyotaka. Lakini nitaapa na huzuni moyoni, na hilo sitaki kukuficha.

Siku uliyosema naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka chuo kikuu, nimesimamishwa masomo mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa rais wa wanafunzi na niliwaongoza wenzangu kukaa nje ya ofisi za utawala na ndoo tupu mpaka mabweni yapate maji. Maji yaliingia, mimi nikatoka. Jumapili ya shukrani ya mavuno vijana wakaniomba niseme neno kanisani. Walitarajia neno la kushukuru, mimi nikasema habari za mzani wa kahawa uliokuwa unawapunja wakulima, na mwenyekiti wa ushirika, mzee Efraimu, amekaa benchi la mbele na kofia yake mapajani. Aliinuka akatoka, na wazee wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wewe ulikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, ukaangalia sakafu mpaka ibada ikaisha. Jioni ukamkamata jogoo wetu mwekundu, ukampeleka kwa mzee Efraimu kuniombea radhi. Uliporudi uliniambia kwamba unanipenda, lakini hutakanyaga tena mahali popote nilipokamata maiki. Mzani ulibadilishwa msimu uliofuata. Jogoo hakurudi.

Na neno lako umelishika, sina budi kukupa heshima yako. Siku ya mahafali, nilipochaguliwa kusema kwa niaba ya wahitimu, ulibaki nje getini ukiwalindia watu mabegi. Nilipogombea udiwani hapa Tunduma ulinitumia gunia zima la viazi, viazi vizuri kweli, lakini mwenyewe hukutokea. Kila nikipanda jukwaani niliangalia nyuso za kina mama waliosimama mbele, nikijua hupo, na bado niliangalia. Watu wanasema siasa imenipa ngozi ngumu. Hapo bado haijafika.

Basi sasa nikupe habari za uchaguzi mdogo, na hapa hakuna mtandao wa kukata. Mbunge wetu alipoteuliwa kuwa balozi, chama kilinipitisha mimi, na watu wengi wakacheka. Walisema yule mtoto wa ndoo amezidi, ametoka kudai maji bwenini na sasa anataka kutunga sheria. Osward, aliyekuwa meneja wangu wa kampeni, yule mwenye duka la vipuri vya malori, alisema jina hilo tusilikatae. Tukalichukua kama lilivyo. Kila mkutano watu wakaja na ndoo, wengine wakazipiga kama ngoma, na mitaa ambayo bomba linakohoa upepo tu ikaniita Nesta wa Ndoo. Nilifurahi, mama. Sikuwahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Mikutano ilijaa mpaka Osward akaanza kutembea kama mume wa waziri. Siku moja, zikiwa zimebaki siku chache watu wapige kura, tulifanya mkutano mkubwa kwenye uwanja ulio jirani na foleni ya malori. Umati ulikuwa haujawahi kuonekana. Niliwasalimia kwa Kinamwanga, nikatupia utani wa Kibemba, wakaangua kicheko. Nikanogewa. Nikawaambia wote wenye kadi za mpiga kura wanyooshe mikono juu nizione.

Mikono ikanyooka huku mmoja, kule miwili, kama shamba lililoota vibaya. Nikarudia nikidhani spika zimeharibika. Mama mmoja wa mbele, na ndoo yake kichwani, akanijibu kwa furaha tele kwamba wao ni watu wa ng'ambo, wa Nakonde. Walisikia kuna binti anasema maneno matamu, wakavuka kuja kumsikiliza, na kesho watarudi na wenzao. Mama, kampeni nzima tulikuwa tunahesabu Zambia! Ni sisi watu wa Tunduma tu tunaoweza kufanya kosa kama hilo, sisi ambao mpaka wa nchi tunauvuka kwenda kununua sukari na kurudi kabla maji hayajachemka, mpaka tunasahau kwamba upo.

Nilisimama pale na maiki mkononi. Osward alikuwa amejishika kichwa. Watu wakaniangalia, na mimi, niliyewahi kusema mbele ya polisi na mbele ya maprofesa, sikupata hata neno moja. Niliwaza kushuka.

Ndipo kutoka nyuma kabisa, nyuma ya lori la mahindi, kikapigwa kigelegele. Kimoja tu, kirefu. Watu wakageuka, wakacheka, wa mbele wakakipokea, na uwanja mzima ukalipuka, Zambia na Tanzania pamoja. Sauti yangu ikarudi. Nikawaambia wa ng'ambo kwamba upendo wao nimeupokea kwa mikono miwili, na wakifika nyumbani wawasalimie mawifi na mashemeji zao walioolewa huku. Wa huku nikawaambia wasisumbuke kuja uwanjani tena, kesho napiga hodi mimi mwenyewe.

Nikapiga hodi kweli, mtaa kwa mtaa, mpaka kiatu cha kushoto kikafumuka. Na kila mlango nilioufikia nilikuta shangazi fulani wa Nakonde ameshapiga simu na kumaliza mazungumzo. Tulishinda, mama. Hatukushinda kwa kishindo, lakini tulishinda.

Sasa kama umesimama, kaa.

Kile kigelegele kilikuwa chako. Nimekisikia kwenye harusi zote za utoto wangu. Kinaanzia chini, kinapanda, kinakatika katikati unapovuta pumzi, halafu kinamalizikia kwenye kikohozi. Hakuna mwanamke mwingine Songwe nzima anayekohoa kwa furaha. Nilitupa macho kwenye lile lori nikakuona. Ulikuwa umejifunika chitenge hadi puani, kama mama yeyote wa Nakonde, umejificha vizuri kweli. Lakini chini ulikuwa na buti zako za kijani za mvua, zina udongo mwekundu wa Iyula mpaka kwenye vifundo. Nyumbani ulikuwa umeaga kwamba unakwenda Nakonde kumuuguza mama mdogo Ferista. Mgonjwa huyo nilikutana naye sokoni wiki iliyofuata, amebeba debe la mahindi kichwani. Nilipomuuliza hali alicheka mpaka debe likayumba.

Kura ya kunipa hukuwa nayo, mama. Wewe unapigia huko Iyula. Ulitoka kwako, ukavuka mpaka na kuurudia, ukasimama kwenye tope nyuma ya lori, ili unisikie tu. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ukijua nimekuona hutakuja tena. Usiku ule nililia, Osward akadhani nalilia kura, akaninunulia soda.

Kwa hiyo suala la neno lako tuliache, limeshavunjika, na shahidi ni mimi. Kama bado linakusumbua, basi ujue kwamba bungeni maiki zimefungwa mezani, hakuna anayezikamata, na siku ya kiapo mkononi nitashika Biblia. Wakili yeyote angekushindia kesi hiyo.

Kule Dodoma kuna utaratibu nilioupenda. Wageni wa wabunge hukaa kwenye jukwaa lao juu, na Spika husoma majina yao, kila mmoja akitajwa anasimama, na wabunge wote wanapiga makofi ya mezani kumkaribisha. Mimi nimeandikisha mgeni mmoja. Nafasi yake sitampa mtu mwingine. Ukibaki Iyula litasomwa jina, Bi. Tupokigwe Simbeye, na hakuna atakayesimama. Vigelegele huko juu haviruhusiwi, kwa hiyo utajikaza.

Nisalimie mama mchungaji, kwaya yote, hasa sauti ya pili, na mama mdogo Ferista mpe pole ya ugonjwa wake. Mzee Efraimu msalimie kwa heshima zote. Juzi alimtuma mjukuu wake kwangu na salamu za pongezi na jogoo. Ni mwekundu, mama. Sijamchinja, anawika hapa uani na kumsumbua Osward kila akija, anakungoja upite umchukue.

Nami nakungoja vilevile. Spika akisoma jina lako, simama, na chitenge ukifunge kiunoni, nikuone uso.

Ni mimi binti yako,
Nesta