Katambuga Mlangoni mwa Pango

Mombasa

Mayu mpendwa, mama wa mume wangu,

Shikamoo, na mwangaluka kama mwalimu wa dini anakusomea asubuhi. Miguu inasemaje? Mwanangu Masanja anakula vizuri, au bado anawapa mbwa ugali wake? Mimi mzima. Nimenenepa hata gauni ulilonishonea halifungi mgongoni, wala sijui nimlaumu nani, wali wa nazi au mshonaji.

Umeniuliza kama nimekubali tumalize matanga ya Luhende. Najua shemeji zangu wamechoka na msiba usiofungwa, na kwamba mnaningoja mimi, kwa kuwa niliapa hapo Nyarugusu, siku shimo la dhahabu lilipomfunika, kwamba hanyolewi mtu mpaka mwili utoke. Mwili haukutoka. Nisikilize kwanza, mayu, nitakujibu.

Uyaya wa huku ni kutembezwa. Meli kubwa nyeupe zinashusha wageni, naye Mama mwenye nyumba anawapakia garini awaonyeshe mji, mimi nyuma na mtoto wake mapajani. Nimeiona ngome ya Wareno. Nimeona Waarabu na majambia yao, Wagoa wakitoka kanisani wamevaa suti, Wahindi wakipima bangili za dhahabu, nikajiuliza nani aliichimba. Hotelini wanawake wa Kizungu hucheza dansi mchana kweupe, migongo wazi. Mwalimu, hapo usiruke, msomee yote.

Lakini kila tuendako namkuta Luhende. Katika njia ya giza kule ngomeni nilisikia kikohozi chake. Kwenye feri ya Likoni alisimama mtu amenipa kisogo, mabega yale yale; alipogeuka akawa Mkamba anayeuza vinyago. Naogopa kutembea, naogopa na kubaki nyumbani.

Jumapili iliyopita tulikwenda upande wa Wadigo, kwenye pango ambalo watu wa huko huombea dua. Mtunzaji wake ni mama wa rika lako. Alituambia tuvue viatu mlangoni, tukavua, tukaingia, tukatoka, kila mtu akavaa vyake. Zikabaki katambuga mbili za tairi, kisigino kimoja kimelika upande.

Wewe unaijua desturi ya wachimbaji: anayeshuka huacha viatu mdomoni mwa shimo, na vikiwapo hapo hakuna aondokaye. Basi sikuondoka. Nikamwambia Mama mwenye nyumba kuna mtu bado ndani. Alisema twende, jua ni kali. Dereva akapiga honi. Nikamkabidhi mtoto wake, nikaingia tena pangoni peke yangu nikiita. Sikuita "hodi", mayu. Niliita jina la mwanao.

Yule mtunzaji alinifuata na taa ya chemni, tukafika mwisho wa pango. Palikuwa na popo, na maji yakidondoka. Nikamwuliza mwenye katambuga yuko wapi.

"Ni zangu, mwanangu," akasema. "Miguu imevimba, viatu vya kike havinienei tena."

Nikatazama chini. Alikuwa pekupeku. Muda wote huo alisimama mbele yangu, nami sikumwona.

Akaniuliza ninamtafuta nani. Nikasema mume wangu. Akauliza yuko wapi. Nilifungua mdomo nimwambie yuko chini, kama ninavyowaambia watu siku zote, nikajisikia nasema, "Amekufa."

Nililia, mayu. Akanishika mkono. Garini Mama mwenye nyumba alinuna mpaka Likoni, akanuna na kwenye feri, nami sikujali hata kidogo.

Kwa hiyo pikeni pombe, malizeni matanga, msiningoje. Masanja mnyoeni nywele kama desturi. Akiuliza, mwambieni baba yake amekufa. Msimwambie tena kwamba amesafiri. Aliyesafiri ni mimi, na mimi nitarudi.

Nisalimie baba mkwe, asiache dawa ya kifua. Nisalimie shemeji mkubwa aliyechimba kwa mikono kumtafuta ndugu yake hadi kucha zikamtoka. Mwambie sasa apumzike. Nisalimie na mama Kabula jirani, anayenilelea kuku wangu, kama bado wapo. Nawe mwalimu, asante kwa macho yako.

Ni mimi mkweo akupendaye,
Minza, mjane wa Luhende