Stabilaiza Nene na Kona ya Minjila

Jumamosi, 8 Novemba 2025
Nusura niingie miibani leo, na baba yangu, Aabo, kando! Kona ya kabla ya Minjila — nakata usukani, pua ya Subaru inakwenda itakako. Tumefika dukani kwetu, Aabo akashuka. Kisha akasema Jumamosi ijayo atapanda tena, kona ileile, mwendo uleule. Likiteleza, anampigia yule mnunuzi wa Malindi aje kulichukua. Kaka Nuh alimwachia Aabo gari alipokwenda Qatar, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Na mimi nirudie bodaboda kwenda kufundisha shuleni Ngao, kwenye tope lile? Nimekasirika. Gari tamu kiasi hiki!

Jumapili, 9 Novemba
Kwa fundi Hiribae. Nimejilaza naye chini ya gari, buibui langu sasa lina grisi. Kanionyesha stabilaiza: chuma kilichopinda, kimeshika gurudumu la kushoto na la kulia, gari lisilalie upande mmoja kwenye kona. Anayo nyingine, nene, ya gari la mashindano. Anataka kuifunga nyuma. Nyuma! Ugonjwa uko mbele, dawa iende nyuma?
"Mwalimu, nyuma ikikaza, mbele inashika. Ngoja tu utaona."
Sitaki kungoja, nataka kuelewa. Jioni nimenyoosha hanga mbili — waya mmoja mwembamba, mwingine nimeupiga maradufu. Kuusokota wa pili kumenitoa jasho: kumbe chuma kinene hakikubali kupinda. Mdogo wangu Farhiya anauliza nguo zake atundike wapi.

Jumatano, 12 Novemba
Imefungwa. Nimeijaribu asubuhi, barabara tupu. Pua imetii! Ila mkia — ukachomoka, nikajikuta natazama nilikotoka. Ng'ombe wa jirani Guyo wakanitazama kama mimi ndiye mgeni wao. 
Hiribae akaihamishia stabilaiza kwenye tundu la pili, eti hapo inalegea kidogo. Bado mkia unacheza. Sasa yeye mwenyewe anajikuna kichwa.

Alhamisi, 13 Novemba
MCHANGA! Tangu mafuriko nimebeba magunia mawili kwenye buti, tairi za nyuma zishike tope. Nani hapa habebi? Tumeshazoea, hatuyaoni tena. Hiribae alitoa tairi ya spea iliyokuwa juu ya magunia, akairudisha, wala hakuuliza — pikapu yake nayo inayo. Uzito wote ule nyuma: pua inanyanyuka, na kwenye kona mkia unatupwa nje.
Nimeyashusha nyuma ya duka. Kisha kona. Gari limekata, limetulia, mbele na nyuma vikienda pamoja! Nimerudi mara kadhaa, kwa raha tu. Hiribae anasema nisimmalizie mafuta mwenye gari.

Jumamosi, 15 Novemba
Mto umepanda. Wanasema njia ya Ngao ni tope tupu.
Aabo yumo garini tayari, mkanda kifuani, tasbihi mkononi. Nikafungua buti niweke mwavuli — magunia yamerudi! Yote mawili. Na yamefungwa kwa fundo lake, lile la mizigo ya ngamia. Hapa dukani hakuna mwingine anayelijua.
Nimekwenda dirishani kumwuliza. Hakugeuka.
"Mto unapanda, Bilan. Jumatatu utapitaje?"
Jumatatu! Lakini si leo ndiyo tunaamua?
Nimerudi nyuma ya gari. Gunia moja nimelishusha, nimelikalia, naandika. La pili bado limo. Nikiliacha, mkia utachomoka naye ndani. Nikilishusha, ananiona kwenye kioo — mzee wa miaka sabini, kayabeba mwenyewe alfajiri, mgongo ule.
Na mtu anayetaka kuuza gari hulitilia mchanga?
Anapiga honi. Si kwa hasira. Mara moja tu, kama anayesema twende.