Siku mugeni alikuja na saa

Mujukuu wangu Chantal, jambo yako kule Kinshasa. Huku Kasungami tuko bazima. Mama yako alimaliza kuvuna mahindi, na dada yako alizaa mutoto mwanamuke.

Unaniuliza kama ni kweli vile profesa wako anasema, ati inchi haiendelei juu ya bantu ba kazi ba zamani, kama miye nkambo yako, balizalisha kidogo. Ile maneno ilinichoma roho!

Sikia. Nilikuwa kijana, najaza mawe mu wagoneti, kigari cha reli, ku mine ya shaba. Siku moja muntu wa biro ya kampuni akakuja na saa mukononi, kupima kazi yetu. Kapita, mukubwa wa ekipe, akatuambia: «Bana, mugeni amefika. Tusipate haya mbele yake.» Hatukukuwa na kuku ya kumuchinjia, tukamupatia nguvu yetu. Tukaimba, hakuna mwenye alipumuzika, hata kunywa maji. Kawaida tulijaza wagoneti kumi. Ile siku tulijaza kumi na tano. Tukamupa mukono, tunacheka.

Kesho yake karatasi ikabandikwa ku mulango: kumi na tano, kila siku. Tulijikaza, tukafika kumi na moja. Ba biro bakaandika mu karatasi yao: bavivu. Bavivu! Sisi!

Kupima si mubaya, mutoto wangu. Hata mama yako anapima mahindi yake. Lakini umuulize profesa: wakati alisoma ile karatasi ya biro, nani alimuambia kama kumi na tano ilikuwa zawadi?

Ni miye, nkambo yako Evariste.