Kompyuta Yako Haina Wakwe?

Mama Kabula,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Ni mimi Neema, yule wa kompyuta, niliyekufokea mbele ya wagonjwa wako, nikarudi zangu Mwanza, na umefariki sijakuomba msamaha.

Ule mfumo wa kuandikisha wagonjwa hapo zahanati, uliokuwa ukiutumia wewe pale dirisha la mapokezi, niliutengeneza mwenyewe, nikaweka sehemu ya jina la mkuu wa kaya. Bila jina, hauendelei. Nilijiona fundi kweli kweli! Baadaye nafungua taarifa, nakuta kaya chungu nzima, mkuu wao mtu mmoja: marehemu mumeo. Nikapanda kivuko cha Kamanga nimefura. "Mama, unaharibu takwimu!" Watu wote walisikia. Ukavua miwani, ukaniuliza taratibu, "Kwani mwanangu, kompyuta yako haina wakwe?"

Sikuelewa. Mimi nimekulia mjini, na kuuliza sikuuliza. Nilikuja kuelezwa msibani kwako na mwanao Kabula, tukimenya viazi. Kwamba huko kwenu, mwanamke anayekaa kwa baba mkwe hatamki jina la mzee huyo, ambaye ndiye mkuu wa kaya, hata iweje. Kwamba siku za mwanzo binti mmoja mwenye mtoto wa homa alikwama pale dirishani kwako, akaona aibu, akambeba mwanawe akaondoka. Ulimkimbilia mpaka barabarani. Tangu hapo kila aliyekwama ukawa unamwazima jina la mumeo, ili atibiwe. Jamani, Mama! Nililia, viazi vikanishinda.

Nimerekebisha. Sasa mtu anataja jina lolote la nyumbani analoweza kulitamka, hata la mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi nilivuka tena. Nikasimama pale dirishani kwako, nikawaambia waliokuwa wakisubiri kwamba wewe ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Bibi mmoja akaniangalia, akasema, "Hilo tunalijua tangu siku ile. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Wiki ijayo napeleka mfumo Misungwi. Nakuahidi, kabla sijawasha chochote nitakaa benchi na wagonjwa kutwa nzima, niulize, ninyamaze, nisikilize.

Pumzika, Mama yangu. Nisamehe. Nilipaswa kukuambia ungali hai.

Neema