Mdogo Ameota Mbawa

Mwenzangu, nimejifungia chooni ofisini. Nimeharibu!!

Ile riwaya ya wana wawili wa mfalme, jalada limeshachapwa. Nilimpa mchoraji sentensi moja tu ya mwandishi: "Mdogo ameota mbawa." Akamchora na mbawa hadi magotini.

Leo mwandishi kaja. Kakodoa macho. "Mbona mdogo ana mbawa?"

Nikasema, si umeandika ameota?

"Ameota NDOTO! Anaamka, anaiamini, anaruka kutoka mnarani, anakufa. Kaka mtu anarithi kiti!"

Ndoto, jamani. NDOTO. Mimi nikajua zimemuota mgongoni! Na kitabu chenyewe nilisoma kurasa tano tu, usimwambie mtu.

Nikasubiri matusi. Wapi! Katoa simu, kampigia mdogo wake wa tumbo moja. Kumbe hawasemeshani tangu huyo mdogo agundue kwamba anayekufa kitabuni ni yeye.

"We bwana, hufi tena. Una mbawa."

Halafu nikasikia kwenye spika: "Haya. Sasa kama sifi, kiti anakalia nani?"

Wanagombana mpaka sasa hivi. Sitoki humu.