Asmini ya Kaburini kwa Mama

Matambarale, Ruangwa
19 Novemba 2023

Kaka yangu Nicholaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mafinga na baridi yake? Wifi Faith na watoto hawajambo? Kile kifua chake kimepoa? Sisi huku tu wazima. Korosho tumeshaokota nyingi, mvua bado inatuzungusha tu, na shemeji yako Andrea anakusalimu sana.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe hufoka kabla mtu hajamaliza kusema, nami nikifokewa nadanganya. Kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho.

Ni habari ya asmini ya mama. Unakumbuka siku ya maziko ulivyotaka kaburi lijengewe saruji, nikakupinga mbele ya watu, kwa sababu mama mwenyewe aliagiza apandiwe asmini, ile aliyopewa na masista wa Nachingwea enzi akifua mashuka ya hospitali. Ukasema sawa, lakini kichaka kikifa nitakujibu mimi. Nikajitapa kwamba mkono wangu haujawahi kukausha mmea. Mdomo huu!

Nilikata kijiti chenye vifundo vitatu, nikakiotesha mchangani kivulini, na mvua zilipokolea nikakihamishia kichwani pa kaburi. Aliyenisaidia ni Limi, mke wa Nkwabi, wale Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Alinikataza kutia samadi mbichi, akasema inaunguza mizizi, akawa ananiletea iliyokaa mwaka mzima, laini kama unga wa muhogo. Chini ya shina tulitandaza maganda ya karanga ili udongo usikauke. Kiangazi nikichelewa kwenda kumwagilia, nakuta keshamwagilia yeye, ananicheka Kiswahili changu cha Kimwera, nami namcheka chake cha Kisukuma. Kila maua yalipokwisha tulipunguza matawi, na mwaka wa pili kichaka kilishonana vizuri, kifupi, kijani hata mwezi wa kumi ambapo kila kitu huku kimekauka. Harufu ya maua yake ulikuwa ukiisikia ukiwa bado njia ya kanisani. Nilikuwa nakaa pale naongea na mama, nafurahi kweli.

Mwezi wa saba mwaka huu majani yakaanza kuwa ya njano, yakapukutika. Watu wakaona alama za kwato pembeni ya kaburi, wakasema mkojo wa ng'ombe wa Nkwabi ndio ulioiunguza. Nikakupigia nikilia. Hapo unajua mwenyewe ulivyompigia mtendaji wa kijiji, ukasema hao watu wakibaki utakuja na polisi. Kikao kikaitwa. Nkwabi alisema tu kwamba ng'ombe wake walipita, hawakusimama. Wakapewa siku saba wahame. Limi alikuwa na mimba kubwa, lakini alijitwisha vyombo vyake kama wenzake, wakaenda upande wa Nanganga, mbali na zahanati. Hakuniaga, na mimi sikutoka nje.

Sasa sikiliza, kaka. Asmini niliiua mimi.

Siku chache kabla majani hayajaanza kuwa ya njano, niliona wadudu weupe wamejibana chini ya majani. Nikachanganya dawa ya wadudu kidogo, nikapuliza kwa bomba letu la mikorosho. Ndilo bomba ambalo Andrea alikuwa amepulizia dawa ya kuua magugu shambani, na sikulisuuza. Kisima kilikuwa kimepungua, nikaona maji ya kusuuzia ni hasara. Ni uvivu, kaka, wala sina jina lingine la kuliita. Asubuhi ya kikao nilipita kaburini nikakuta majani yote ya chini yaliyozunguka kichaka yamekauka, yamefanya duara, yameishia pale pale dawa ilipofika. Mkojo wa ng'ombe haupigi duara. Nilijua pale pale, na bado nilienda kikaoni nikakaa kimya, nikiangalia kanga yangu. Nilikuogopa wewe, na niliona aibu kwa yale majigambo ya msibani.

Wiki mbili zilizopita nilisikia sokoni kwamba Limi amefariki. Uchungu ulimshika usiku, wakambeba kwa baiskeli kuitafuta zahanati, akajifungulia njiani, akavuja damu hadi akaisha. Mtoto wa kike yupo, mzima.

Nilienda, kaka. Nkwabi alinipa kigoda. Nilipiga magoti nikamweleza yote, na aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba alikuwa anajua. Siku ile aliniona na bomba nikitoka kaburini, na baadaye akaliona lile duara. Akasema mchungaji asipojua majani yamekufa kwa nini, huyo si mchungaji. Alitaka kulisema kikaoni. Limi ndiye aliyemzuia. Alimwambia mtu aliyefiwa na mama yake asiambiwe mbele ya watu kwamba ameua ua la kaburi la mama. Ng'ombe wana miguu, watahama.

Andrea nimeshamwambia. Jumapili ijayo baada ya misa nitasimama niwaambie watu wote, wakinizomea wanizomee. Kwako nina ombi moja tu. Mpigie mtendaji umwambie Nkwabi hakuwa na kosa, arudi kwake na mtoto. Mwambie kwa sauti ile ile uliyomtishia nayo siku ile.

Mbusu wifi na watoto. Mungu awalinde, na mimi mniombee.

Dada yako,
Teodosia