Rangi ya Ubao wa Heru Juu

Heru Juu, Kasulu
12 Februari 1996

Mwanangu Makarius,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mvua inatunyeshea hadi darasani. Wewe na masomo ya huko Dar es Salaam mnaendeleaje?

Unaulizia rangi ninayopaka mbao za shule, maana utafiti wako ni wa rangi zisizobanduka. Basi sikia. Vunja mawe ya redio, zile betri zilizokufa, toa ule unga mweusi, uchekeche, ukoroge na uji wa muhogo, upake mara tatu. Yangu ina mwaka wa nne haijabanduka. Funga kitambaa puani.

Shangazi yako,
Theodosia

Dar es Salaam
3 Juni 1996

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi nina furaha kupita kiasi! Profesa ameipenda rangi, tumeshachapisha taarifa, nakala ni hiyo. Sasa tunaiombea hati miliki.

Mwanao,
Makarius

Heru Juu
1 Julai 1996

Makarius,

Salamu utazipata nikipoa. Nimeisoma taarifa yako kwa kamusi, kurasa zote kumi na moja. Jina lako lipo, la profesa lipo, hata la aliyewaoshea chupa lipo. Mimi nimeandikwa “kina mama wa kijijini.” Kina mama gani? Nimefundisha miaka ishirini na sita, na wewe mwenyewe nilikushika mkono ukiandika herufi ya kwanza! Na hiyo hati miliki, maana yake nikitaka kupaka ubao wangu nimwombe profesa ruhusa? Andika jina langu. Sijaomba kingine.

Shangazi yako, sijapoa

Dar es Salaam
9 Septemba 1996

Shikamoo Shangazi,

Mgongo unaendeleaje? Nisamehe. Profesa anasema huandikwa aliyefanya kazi maabara, nami sina sauti mbele yake. Ila tuna shida. Tuliharakisha kuchapisha, sasa rangi inabanduka baada ya wiki mbili, na wakaguzi wa hati miliki wanakuja Novemba. Nilitumia wanga safi wa dukani. Nimekosea wapi? Nijibu upesi.

Mwanao,
Makarius

Heru Juu
20 Oktoba 1996

Makarius,

Hatujambo. Nimecheka, kisha nikakasirika upya. Wanga wa dukani! Mtoto wa Kiha anapikaje uji wa muhogo ambao haukuvundikwa? Muhogo unalowekwa siku nne mpaka unuke, ndipo uji wake unashika. Sikukuficha. Nilidhani namwandikia mtu wa nyumbani.

Lakini wewe si wa kwanza kuambiwa. Jumanne nilikwenda chuo cha ualimu Kasulu mjini, nikaomba kipindi kimoja. Nikaandika yote ubaoni, wanachuo mia na themanini wakanakili. Mwezi ujao wanakwenda mazoezi ya kufundisha, Nyakitonto, Kibondo, hadi kambini kwa wakimbizi. Binti mmoja, Ininahazwe, akauliza rangi hii ni ya nani. Nikamwambia ni ya kila aliyeinakili.

Sasa profesa aombe hati yake, kisha azunguke madaftari yote hayo akifuta.

Na wewe maelezo yako yako nyuma ya karatasi hii, sawa na wenzako. Jina langu usihangaike nalo tena.

Mwl. Theodosia Ntirampeba